Swali ulilokwishalipata, kulirudia ya nini?

Mmoja wa wanafunzi wangu wa tuisheni, kidato cha nne, ana daftari la mitihani iliyopita ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ambamo kila swali alilopata limepigwa mstari mwekundu. Ukimwambia alifanye tena, anakutazama kama umemtuma akafue nguo ambazo ziko kambani tayari. "Hilo nimeshalimaliza, mwalimu." Jirani yake wa dawati ni kinyume kabisa. Yeye ana pepa moja la Hisabati, kopi ya kopi kutoka steshenari, kalifanya mara nne, na safari ya nne kapata 92. Wote wawili wananitia wasiwasi.

Nianze na huyu wa mistari. Hoja yake ina mashiko. Mtihani ni Novemba, masomo ni mengi, na nusu saa anayoitumia kwenye swali analolijua ameinyang'anya mada asiyoijua. Hata sisi walimu humwambia mtoto arudi alikokosea. Shida iko kwenye hilo neno "nimeshalimaliza".

Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, watafiti wa saikolojia, walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo msemaji wa Kiswahili atalisoma akitabasamu. Waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, "mashua" likiwemo, wajifunze. Baadhi yao, neno wakishalipata mara moja, hawakuulizwa tena. Wengine waliendelea kuulizwa yote, hata yale waliyokwishayapata. Baada ya wiki, walioendelea kuulizwa walikumbuka kama asilimia 80, na walioachwa kuulizwa karibu theluthi moja tu. Kuendelea kulisoma neno bila kuulizwa hakukuwaongezea chochote cha maana. Tena walipotakiwa kukisia watakumbuka mangapi, makundi yote yalikisia karibu nusu, yaani hakuna aliyehisi kwamba yanamtoka. Mstari mwekundu, basi, unathibitisha kwamba siku ile alikumbuka. Zaidi ya hapo haudhamini kitu.

Ningeishia hapa kama mtihani ungekuwa wa msamiati. Mashua ni mashua leo na kesho, ila swali la Hisabati hurudi limevaa nguo nyingine. Ndipo ninapomgeukia huyu wa 92. Kwenye pepa lake kulikuwa na swali la aina hii: mfanyabiashara ameuza redio kwa shilingi 90,000 akapata hasara ya asilimia 10, alinunua kwa bei gani? Alijibu 100,000 bila hata kuinua kichwa. Nikabadilisha mstari mmoja: ameuza kwa 90,000 ileile, ila safari hii kapata faida ya asilimia 20. Akagawanya kwa 80, akazidisha kwa 100, akaandika 112,500. Mtu kanunua redio kwa 112,500, kauza kwa 90,000, halafu anashangilia faida! Alitakiwa kugawanya kwa 120, yaani mia pamoja na faida, na jibu lilikuwa 75,000. Kilichokuwa kichwani mwake ni njia ya swali lile, "toa kwenye mia kisha gawanya", na kila aliporudia pepa njia hiyo ilizidi kuota mizizi. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, kwa hiyo nashuku mengi aliyokariri ni sentensi tu, wala si hesabu.

Pamoja na hayo, sitamwambia aache kurudia. Pepa la Hisabati lina maswali 14 ya kufanywa yote kwa saa tatu, yaani hazifiki hata dakika 13 kwa swali, na kasi ya namna hiyo haiji bila mkono kuzoea. Ninachomkatalia ni ile 92. Kwa madaraja ya NECTA, A inaanzia 75, naye anatembea akijihesabu ana A mfukoni. Alama ya pepa ulilokwisha kuliona inapima kumbukumbu ya pepa hilo. Ndiyo maana mapepa mawili ya karibuni nayafungia kabatini hadi Septemba, na sitaki kopi za steshenari zenye majibu yaliyozungushiwa penseli na mwenye nazo wa kwanza.

Kati ya hawa wawili, kosa la wa mistari ndilo naliona kubwa zaidi, kwa sababu halionekani. Wa 92 utamnasa kwa kubadilisha namba moja tu. Wa mistari hana pa kunaswa mpaka siku ya mtihani. Anayerudia namtaka aache wiki mbili zipite, achukue karatasi tupu, achanganye mada, kisha aniambie kwa mdomo kwa nini anagawanya kwa 120 na si 80. Akikwama tunafungua taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo wameweka mifano ya majibu mabovu kama yalivyoandikwa, na mara nyingi mtoto anakuta kosa lake limemtangulia.

Juzi nilimpa wa mistari maswali matano aliyoyapiga mstari mwezi Machi. Alipata mawili. Hakusema kitu, ila wiki hii nimeona mistari yake anaipiga kwa penseli.