Kichwa cha Gia Kilichosema Uongo

Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1997, la gia za mkono, ambalo limenitumikia kati ya Tabata na Posta kwa uaminifu mkubwa hata nikalisamehe kasoro zake zote isipokuwa moja, nayo ni kichwa cha gia. Jua la Dar es Salaam, ambalo hulikuta limeegeshwa pasipo kivuli kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, lilikuwa limekilainisha kichwa hicho mpaka kikawa kinatoa masizi yanayonata, na kila mtu niliyempa mkono ofisini aliondoka akikitazama kiganja chake. Ngozi inayozunguka shina la gia nayo ilikuwa imepasuka pande tatu.

Fundi wa gereji iliyo jirani na kwetu aliniambia kwamba kazi ya kubadilisha vitu hivyo viwili ni shilingi 10,000, mbali na bei ya spea zenyewe. Niliona huo ni unyang'anyi wa mchana kweupe, kwa sababu nilijua kwamba kichwa cha gia hufunguliwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na sijapata kumlipa mtu anifungulie chupa.

Jumamosi nikashuka Kariakoo, upande wa Gerezani. Nilimwomba kijana wa dukani "buti la gia", jina nililokuwa nimelisoma mahali na kulipenda, naye akanipeleka moja kwa moja kwenye taa za nyuma na kuniuliza ni buti la gari gani. Nilipomweleza kwa mikono, akacheka. "Mzee, sema ngozi ya gia." Akanitolea ngozi nyeusi yenye mishono myekundu, kisha akaweka mezani kichwa cha alumini kinachong'aa kama sufuria la harusini, kizito, kimechorwa juu yake ramani ya gia sita kwa rangi nyekundu. Nilimkumbusha kwamba gari langu lina gia tano. Akasema kichwa hicho kinaingia gari lolote, na nikakiri moyoni kwamba gia ya ziada, hata kama ni ya kuchorwa tu, ilikuwa ni heshima ambayo Corolla yangu ilistahili.

Kazi nilianza saa tisa alasiri, gari likiwa uani, pua yake ikielekea tangi la maji la lita 1,000. Niliweka gia huru, nikavuta breki ya mkono, nikakishika kichwa cha zamani na kukizungusha kinyume cha saa. Kikazunguka. Kikaendelea kuzunguka. Nilizungusha kwa muda wa kutosha kufungua chupa zote za soda za mtaa wetu, na kichwa hakikupanda hata unywele mmoja. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba ndani ya plastiki ile kuna kipande cha chuma chenye nyuzi za skrubu, ambacho ndicho kinachoshika shina, na kwamba miaka mingi ilikuwa imekitenganisha na plastiki yake, kwa hiyo nilikuwa nazungusha ganda huku kiini kimetulia mahali pake kama mgeni rasmi.

Palipokosekana maarifa nikatumia nguvu. Nilipiga magoti juu ya kiti cha dereva, nikakishika kichwa kwa mikono miwili, nikainama juu yake ili nipate mvuto mzuri, kisha nikavuta kuelekea juu kwa nguvu zangu zote. Katika mkao huo, kitu cha kwanza kilichokuwa juu ya kichwa cha gia kilikuwa ni kidevu changu. Ganda lilichomoka ghafla, ngumi zangu mbili zikapanda pamoja nalo, na nikaona nyota saa tisa na nusu mchana. Binti yangu Neema, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa amesimama mlangoni pa gari tangu mwanzo, na sauti yake ilisikika nyumba tatu.

"Mama! Baba kajipiga ngumi!"

Mke wangu alitoka na barafu iliyofungwa katika kitambaa. Aliniuliza kwa upole wa kutisha, "Baba Neema, fundi alisema shilingi ngapi vile?" Sikujibu, kwa sababu nilikuwa nimeuma ulimi.

Kiini cha chuma nilikitoa kwa koleo. Fremu ya plastiki inayoshika ngozi ilihitaji kubanduliwa kwa kuinuliwa tu, nayo iliinuka vizuri, ikiacha klipu moja imekatika. Chini yake nilikuta karanga, sarafu tatu za shilingi 200, na ule ufunguo wa kabati la ofisini ambao kwa sababu yake niliwahi kuitisha kikao na kuwatazama watu kwa jicho baya.

Ngozi mpya niliifunga mara mbili. Mara ya kwanza niliivisha kama mtu anavyovaa kofia, nikarudi nyuma nione kazi yangu, nikakuta pindo zote za mishono ziko nje na gari linaonekana kama limevaa shati nje ndani. Kumbe ngozi ya gia huanza kufungwa ikiwa imegeuzwa, kisha hupinduliwa chini ili mshono ujifiche wenyewe. Mara ya pili ilikaa vizuri. Kichwa cha alumini kilikuja na vibushi vitatu vya plastiki vya ukubwa tofauti, yaani vipete vya kuvalishwa shinani ili kichwa kisicheze, pamoja na skrubu tatu ndogo za kukibania shinani. Skrubu moja ilidumbukia kwenye uwazi wa gia na haijaonekana hadi leo. Mbili zilitosha. Jua lilipokuwa linazama, nilisimama mbali kidogo, nikalitazama gari langu kupitia dirishani, na maumivu ya kidevu yakapungua.

Asubuhi ya Jumapili tulikuwa na safari ya Mbagala, kwenye ubarikio wa mtoto wa ndugu yetu. Nikiwa bado nafunga viatu, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye alikuwa amepata leseni mwezi uliotangulia na alikuwa anatafuta kila sababu ya kuitumia, aliomba alirudishe gari nyuma hadi getini. Nilimpa ufunguo. Nilitaka pia akione kile kichwa cha gia.

Lazima niseme ukweli kuhusu kijana huyu: alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alifunga mkanda. Alikanyaga klachi hadi chini. Kwa kuwa hakulizoea gari hilo, alitazama kichwa cha gia ili ajue gia ya kurudi nyuma iko wapi, na kichwa kikamjibu, kwa rangi nyekundu isiyo na shaka, kwamba herufi R iko kushoto, juu. Katika Corolla yangu, kushoto juu ni gia ya kwanza. Gia ya kurudi nyuma iko kulia kabisa, chini, mahali ambapo ramani ile mpya ilikuwa imeandika sita. Akasukuma kushoto, juu. Kisha, kama mwalimu wake alivyomsisitizia, akageuza shingo yote na kutazama nyuma, akaachia klachi taratibu, na akalipeleka gari mbele huku akilichunga geti kwa uangalifu wa hali ya juu.

Bampa lilikutana na koki ya tangi. Halikuligonga tangi lenyewe, na kwa hilo namshukuru Mungu, lakini koki ya plastiki ilikatika kwenye shina lake na maji ya siku nne, maana kwetu maji hutoka kwa zamu, yakaanza kumwagika uani kwa unene wa mkono wa mtoto. Shemeji, akiwa bado anatazama nyuma, alisikia kelele na kudhani amegonga geti, basi akataka kusogea mbele kidogo ili alinusuru. Ni huruma ya Mungu tu kwamba gari lilizima.

Niliziba tundu kwa kiganja, nikiwa katika shati la sherehe. Jirani zetu, ambao tukiwa na msiba hufika baada ya saa nzima, walifika na ndoo kabla sijamaliza kupiga kelele. Mama mmoja alileta beseni, sufuria mbili na jagi. Shemeji alishuka, akaja mbele, akatazama, akarudi garini, akatazama tena kichwa cha gia, kisha akaniambia kwa heshima zote, "Shemeji, mimi nimefuata maandishi."

Koki mpya na fundi bomba vilinigharimu shilingi 25,000. Mbagala tulifika keki ikiwa imekwisha.

Nilidhamiria kukirudisha kichwa kile Kariakoo siku ya Jumatatu, lakini Jumatatu saa kumi na moja jioni, nilipotoka ofisini na kukishika baada ya alumini ile kukaa juani kutwa nzima, nilikiachia haraka kuliko nilivyowahi kuachia kitu chochote maishani, na ikanibidi niendeshe hadi Buguruni nikibadilisha gia kwa kutumia bahasha ya kaki. Nyumbani mke wangu hakusema neno. Aliingia chumbani kwa Neema, akarudi na soksi nyeupe ya shule, akaivisha juu ya kichwa cha gia na kuifunga kwa mpira wa nywele. Haichomi, na ramani haionekani tena. Tatizo lililobaki ni kwamba Neema ana jozi mbili tu za soksi, na kila zinapofuliwa, asubuhi ya siku ya pili hunisubiri kwenye mlango wa gari, mguu mmoja ukiwa peku, akidai haki yake.