Nusu kaputi imebebeshwa mzigo usio wake

Kijiko kikianguka nyuma yake, mtoto anageuka. Ukimwita kwa jina huku redio inaongea, ni kama hujaita. Mama yake jibu analo: “Ni ile nusu kaputi aliyochomwa akiwa na miezi miwili.”

Simbezi. Ketamini na propofoli, dawa za usingizi za kupitisha kwenye mshipa, zimeua seli za neva katika ubongo wa wanyama wachanga maabarani. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuhusu watoto wa chini ya miaka 3 wanaolazwa usingizi kwa dawa kwa zaidi ya saa 3, au mara kwa mara.

Upande wa pili kuna utafiti wa GAS, wa watoto 722 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri. Kundi moja lilipewa dawa ya usingizi ya kuvuta, jingine ganzi tu. Kufika miaka 5, akili zao zilikuwa sawa. Ila wengi walilala muda usiofika hata saa moja, tena kwa dawa ya kuvuta, kwa hiyo asitokee mtu wa kuitakasa propofoli kwa utafiti huo.

Kinachonikera ni kwamba nusu kaputi ikishabebeshwa mzigo, maswali yanaishia hapo. Mtoto anayepasuliwa mapema hivyo, mara nyingi alizaliwa njiti, akapata manjano, akachomwa gentamaisini. Gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, huweza kuua seli za vinyweleo za sikio la ndani. Manjano kali ni mjanja zaidi: huacha sikio zima, ikaharibu neva inayopeleka sauti kwenye ubongo. Mtoto wa namna hiyo kijiko anaweza kukisikia vizuri, lakini maneno yanamfikia yamevurugika, hasa penye kelele.

Na hapo kipimo kinadanganya. Kile cha kuziba sikio kwa kifaa kidogo na kusikiliza mwangwi wake kitasema yuko salama, kwa sababu sikio kweli ni zima. Anahitaji ABR, kile cha kubandikwa waya kichwani akiwa amelala, kinachofuata sauti kwenye neva hadi shina la ubongo.

Kwa hiyo mama, karatasi ya upasuaji uiombe, uone alilala dakika ngapi. Lakini faili la wiki yake ya kwanza duniani uliombe kwanza, utazame kiwango cha manjano kilifika wapi.