Chensoo niliyoituma Makorora

Chensoo ile, msumeno wa mnyororo unaotumia petroli, niliinunua mtumba hapa Leicester, Uingereza, kwa pauni 60. Nikaifunga kwa mashuka mawili makuukuu, nikaitia kwenye pipa pamoja na viatu vya watoto na sabuni, ikapanda kontena mpaka Dar, kisha basi mpaka Tanga, kwetu Makorora. Siku binamu yangu alipoipokea alinipigia video akiwa ameiweka begani kama bunduki. "Kaka, hapa kazi imekwisha!" Nikacheka. Helmeti sikutuma, suruali yake ya kinga sikutuma, wala kijitabu cha maelekezo, maana aliyeniuzia hakuwa nacho na mimi sikumuulizia.

Nalisema hili mapema kwa kuwa najua tabia yetu sisi tulio nje. Tukirudi likizo, siku ya tatu tu tumeshaanza: "kule kwetu mambo hayaendi hivi". Kule kwetu! Na mimi ninayo yangu ya namna hiyo, nitayasema. Lakini chensoo iliyokuwa mkononi mwa kijana yule siku alipoanguka, niliyeituma ni mimi.

Mwaka wa sita huu nafanya kazi na kampuni ndogo ya kukata miti. Si mpandaji, msije mkanisifu bure. Mimi ni mtu wa chini: naburuza matawi, nalisha mashine ya kuyasaga, nashika kamba, napiga kelele mpita njia akijisahau. Ila aliye chini huona mengi. Bosi wangu kabla hajawasha chochote huuzunguka mti mara mbili, akigonga shina kwa nyundo laini na kusikiliza kama ndani kuna uwazi, akitazama uyoga uliomea kwenye mizizi. Kisha anaandika karatasi: hatari ziko wapi, gari la wagonjwa litaingilia wapi. Wakati mwingine tunafika, tunatazama, tunarudi, kwa sababu kuna kiota chenye makinda, na sheria yao ya mwaka 1981 inakataza kukiharibu. Mwenye nyumba ananuna. Na kama mtaa wenyewe uko kwenye eneo la hifadhi ya majengo ya zamani, halmashauri inatakiwa kupewa taarifa wiki 6 kabla mti haujaguswa.

Suruali nayo ina habari yake. Kwa nje ni suruali ya kawaida, nzito kidogo. Ndani mna tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo ukikata kitambaa, nyuzi zinavutwa nje, zinajisokota kwenye gia, msumeno unakwama kabla ya kufika nyama. Zile za daraja la 1 hupimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde. Hesabu mwenyewe paja lako litasubiri kwa muda gani. Nimeona suruali moja imechanika hivyo, aliyeivaa amekaa kwenye gari anakunywa chai, mikono inatetemeka.

Lakini asije mtu akadhani Mwingereza kazaliwa na tahadhari. Mtu mzima yeyote anaingia dukani Jumamosi anatoka na chensoo mpya, cheti haulizwi. Sheria inamtaka awe na mafunzo anayeitumia kazini. Kwenye bustani yake mwenyewe, hiari yake. Kwa hiyo kazi zetu kadhaa kila mwaka ni kumalizia alichoanza mwenye nyumba. Nilimkuta mzee mmoja, mwalimu mstaafu, juu ya ngazi ya alumini, msumeno wa umeme mkono mmoja, mkono wa pili kakumbatia tawi, mkewe kashika ngazi huku anasoma simu. Na baada ya dhoruba ndipo wanapotokea wale wa kubisha hodi mlango kwa mlango: tunakata leo, taslimu, bei poa. Ujinga wa miti hauna pasipoti.

Tofauti niliyoiona mimi iko kwenye bei. Mti wa mwisho tuliokata kabla ya likizo, mwenye nyumba alilipa pauni 950, zaidi ya milioni tatu za kwetu. Alilalamika, kisha akalipa. Ndani ya pesa hiyo mna bima, mna kamba na mikanda inayokaguliwa kila miezi 6, mna mtu wa pili aliyefundishwa kupanda kumshusha mwenzake akizimia juu. Woga umeshalipiwa. Makorora mjomba alipatana na fundi kwa elfu themanini, na kuni achukue. Hapo woga wote anaubeba fundi, kwenye mifupa yake.

Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma. Nyuma ya nyumba yetu kuna mwembe wa boribo, alioupanda marehemu babu. Tawi moja lilikuwa limelilalia bati la jiko la uani, na waya wa umeme unaoingia nyumbani unapita hatua chache tu pembeni. Mama alitaka litoke kabla ya masika. Fundi akaja na baiskeli, kijana wa Mabawa, ndala miguuni, kamba ya katani imezungushwa kiunoni. Kamba ya katani sina ugomvi nayo. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, sote tumelelewa nao. Ila ile ilikuwa ya kisimani, imelowa na kukauka miaka, kwa ndani imeshakuwa vumbi.

Binamu akamkabidhi chensoo kwa heshima zote. Ngazi ilikuwa ya fundi rangi, ya miti iliyopigwa misumari. Wakaiegemeza kwenye tawi lile lile linalokatwa.

Nikasema, "Mjomba, shikamoo, ngazi hapo itakosa pa kushika."

"Marahaba. Huku si Ulaya, baba."

Mama naye, kutoka jikoni: "Hebu mwache mtu afanye kazi yake. Ushakuwa Mzungu weye?"

Nikanyamaza. Nililijua nililokuwa nikilijua, nikanyamaza kwa sababu ya haya ya mgeni nyumbani kwao.

Waliowahi kupanda mwembe wa Tanga wanawajua majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Kijana alipofika juu wakamwingia shingoni. Mkono mmoja ukaenda kuwafuta, chensoo ikabaki mkono mmoja, juu ya usawa wa bega, inanguruma. Mahali hapo msumeno una teke: ncha ya juu ya ule ulimi wa chuma ikigusa mti, unarudi usoni kabla hujapepesa jicho. Mungu alimnusuru na hilo.

La ngazi hakumnusuru. Tawi zito ni kama mtu aliyebeba ndoo. Mpokee ndoo, mkono wake utapanda wenyewe. Ncha ya tawi ilipokatika na kwenda chini, kipande kilichobaki kikainuka, kichwa cha ngazi kikabaki hewani hakina cha kuegemea. Ngazi ikaanza kuteleza polepole, karibu kwa adabu. Kijana akatua kwenye sementi ya kufulia. Chensoo ikatua kama hatua moja kutoka kichwani pake, bado inanguruma, binamu akairukia kuizima. Waya ulikuwa unacheza juu yetu, mzima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewaza kuwaita watu wa umeme waukate kwanza.

Paja lilivunjika. Tukampakia kwenye bajaji, mguu umefungwa kwa kanga na fimbo mbili.

Jioni likaja swali la nani analipa. Mjomba akasema, "Nilimwita afanye kazi, sikumwita aanguke." Nadhani hakusema kwa ubaya, ndivyo tunavyofikiri. Nchini kuna mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, uko kisheria tangu mwaka 2008, lakini deiwaka aliyeitwa kwa asubuhi moja hayumo kwenye orodha ya mwajiri yeyote. Ukapita mchango wa simu. Mama akawa anapeleka uji kila asubuhi. Nami nikalipa sehemu kubwa, na sisemi nisifiwe, nasema kwa sababu ile hela ilizidi mara nyingi bei ya helmeti na suruali ambazo sikutuma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Tanga hatukuwa wajinga wa miti. Tulikuwa na wakwezi. Hata neno tunalolitumia shuleni, kidato, ni ile alama inayochongwa kwenye shina la mnazi mkwezi apate pa kukanyaga. Nikiwa mdogo Sahare nilimtazama mzee mmoja akiuondoa mnazi uliosimama kati ya nyumba mbili: kichwa kwanza, kisha shina vipande vipande kutoka juu, kila kipande kimefungwa kamba kabla shoka halijakigusa, na watoto tulifukuzwa mpaka barabarani. Hakuwa na cheti. Alikuwa na mzee aliyemfundisha na akili ya kuogopa. Vijana wetu wamepewa mashine inayofanya kwa dakika alichofanya yule kwa nusu siku, na ile nusu siku ndiyo ilikuwa na mawazo ndani yake. Leo unaona mti mzima unakatwa upande mmoja mpaka uishe, bila kuchongwa kinywa upande unakoangukia, bila kuachiwa ukanda wa kuwa bawaba, na vijana watano wanavuta kamba wakiwa wamesimama pale pale mti unakokuja.

Sidai tuanze kulipana milioni tatu. Nadai ngazi ifungwe kwenye shina, tawi lipunguzwe kidogo kidogo kwa msumeno wa mkono, umeme uzimwe, ndala zivuliwe. Hayo yote hayafiki hata bei ya kuku wawili. Na sisi tulio nje, tunaojaza mapipa, ukitia chensoo bila suruali yake umetuma nusu ya kitu, tena ile nusu inayokata. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wapo, vyuo vya misitu wapo. Ada ya kozi fupi ya kijana mmoja ni zawadi kama zawadi nyingine, ingawa haipigiwi picha begani.

Niliporudi niliuvua ule mnyororo, nikautia kwenye soksi, nikaondoka nao kwenye begi. Uwanjani wakaniuliza ni nini, nikawaambia ni wa baiskeli. Mtu wa Tanga na baiskeli, nani atabisha.

Wiki iliyopita binamu kanitumia picha. Kanunua mnyororo mwingine dukani, mpya, bado uko kwenye boksi. Kuna mtu Mikanjuni ana mti wa mkungu unamsumbua. Anauliza petroli na oili zinachanganywaje, moja kwa ngapi. Nimemjibu anitumie kwanza kipimo cha kiuno chake. Mpaka sasa hajajibu.