Dakika 38 Zile

Jana alasiri nilikuwa Lamu, uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, nikingoja jua lipungue niende Shela. Kikapita kikundi cha wanafunzi kutoka bara na kijana wetu wa Lamu anayewatembeza. Akawaambia nguvu za usultani wa Unguja zilimalizwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, kwa dakika 38 za mizinga. Watoto wakacheka, wakapiga picha, wakaenda zao. Mimi nikabaki na uchungu ambao mpaka sasa haujanitoka.

Maiti aliyezikwa siku ile, yaani dola yenyewe, alikuwa amekufa miaka 40 nyuma, baharini.

Seyyid Said, sultani wa Unguja na Oman, alifariki Oktoba 1856 melini, karibu na Shelisheli, akitoka Maskati. Khalid, mwanawe aliyemtarajia amrithi Unguja, alishatangulia mbele ya haki mwaka 1854. Kwao Oman imamu, ndiye mtawala, alikuwa akichaguliwa na wanazuoni kwa mashauriano. Kina Busaidi, ukoo wake, walishaliacha hilo, wala la kifungua mimba kurithi hawakulishika. Basi likabaki la mwenye nguvu mpishe. Seyyid Said mwenyewe kiti alikipata mwaka 1806 kwa kumuua binamu yake Badr, na wanawe walikua wakilijua hilo.

Mwanawe Majid akashika Unguja, mwanawe mwingine Thuwaini akashika Maskati. Ndugu yao Barghash, aliyekuwa melini na maiti ya baba yake, alijaribu kuwahi madaraka usiku huo huo wa kufika, akashindwa. Mwaka 1859 akajaribu tena, na safari hii waliomwokoa Majid ni manowari za Kiingereza. Barghash akapelekwa Bombay. Mapema mwaka huo huo Thuwaini alikuwa amedai fedha alizoahidiwa na Majid, akaandaa majahazi ya vita, Waingereza wakamzuia. Kesi ikapelekwa kwa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza kule India. Mwaka 1861 akakata shauri: Majid abaki na Unguja na pwani hii, amlipe Thuwaini riali 40,000 kila mwaka.

Hapo ndipo kifo cha dola kilipothibitishwa. Wana wa baba mmoja walimpa mgeni awaamulie nani ni nani nyumbani kwao! Tangu siku hiyo kila msiba wa sultani ulikuwa na mlango wa pili, nao ulikuwa kwenye ubalozi wa Kiingereza. Majid kafa 1870, Barghash 1888, Khalifa 1890, Ali 1893, Hamad 1896. Wakati jumba linatandika mikeka ya matanga, balozi anapima yupi atamfaa. Khalid bin Barghash aliingia jumbani mara mbili bila kumwuliza mtu: 1893 akatolewa, 1896 akapigwa mizinga. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba kiti bado kilikuwa chao.

Naliona hili kwa jicho la karibu. Babu yetu alipofariki, mafungu ya mirathi yalijulikana, Qurani imeyataja. Ugomvi ulikuwa nani ashike funguo za nyumba ya Mkomani. Ami zangu wakaacha kusalimiana. Akaletwa mtu wa nje asuluhishe, mwenye fedha na maneno laini. Akamkopesha huyu, akamkopesha na yule. Leo nyumba ni yake. Zidaka ambamo bibi alipanga sahani zake za kauri zimetiwa mishumaa ya wageni, na mimi nikipita pale nainamisha kichwa.

Waingereza hawakosi lawama, manowari zilikuwa zao na tamaa ilikuwa yao. Wala silii dola iliyotajirika kwa migongo ya watumwa. Lakini sisi wa Lamu tusijitoe. Nani alimleta Seyyid Said huku? Pate, kisiwa jirani, walikuwa wakigombania kiti chao, upande mmoja ukaegemea Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakaja kutupiga Shela. Tukawashinda, kisha kwa hofu ya kurudiwa tukatuma watu Maskati kuomba ulinzi. Tukaletewa liwali na askari, na Ngome ile ikamalizwa chini ya bendera yake. Kijana yule aliwasimulia watoto habari za Unguja huku ameupa mgongo ushahidi wetu wenyewe.

Mwaka 1895 ukanda wetu wa maili kumi ukakodishwa kwa Waingereza kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Hakuna aliyeulizwa hapa, si Lamu, si Malindi.

Leo jioni nitamtafuta kijana yule. Nataka aanze na 1856, na asiwaache watoto waondoke bila kuwaambia mwisho wa Khalid bin Barghash: alikimbilia kwa Wajerumani, akakamatwa 1917, akapelekwa St Helena na Shelisheli, akaruhusiwa kurudi pwani, akafia Mombasa mwaka 1927. Juu ya Fort Jesus bendera nyekundu ya jamaa zake ilikuwa bado inapepea.