Kilichokosekana ni simu

Makala yenu imeisifu picha ya Little Rock, jimbo la Arkansas, Marekani, ya Septemba 1957: msichana mweusi mwenye miwani ya jua, daftari mkononi, wazungu wakimzomea nyuma. Ila mmepita haraka mno kwenye swali la kwa nini msichana huyo, Elizabeth Eckford, alikuwa peke yake akienda shule iliyokuwa ya wazungu tu. Kwao hapakuwa na simu, basi habari kwamba wanafunzi wote tisa weusi walioandikishwa shuleni hapo wangekwenda pamoja haikumfikia. Miaka 15! Na gauni lile jipya alilishona mwenyewe.

Mpiga picha, Will Counts, naye alibeba kamera ndogo ya milimita 35, akawa anarudi kinyumenyume mbele yake huku akipiga. Watu humkodolea macho yule binti mzungu anayefoka nyuma yake, Hazel Bryan, ambaye baadaye aliomba radhi. Mimi nawawaza askari wa Faubus, gavana wa Arkansas: walimzuia mtoto asiingie shuleni, wazomeaji wakaachwa.