Alumini haishiki kutu, lakini inaliwa

Kila anayenunua boti ndogo ya alumini huambiwa maneno yaleyale: hii haishiki kutu, wewe vua tu. Nami niliambiwa, nikaamini. Mwaka wa nne, katikati ya maji, nikaona samaki niliowavua asubuhi wanaelea miguuni pangu ndani ya boti, nikaacha ndoana na kuanza kutoa maji kwa kopo.

Ni kweli kwamba kutu ni ya chuma. Alumini ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba wa oksidi, na utando huo ndio ngao yake. Ukiukwaruza, hujifunga tena papo hapo, mradi hewa ifike. Lakini chini ya zulia lililolowa, au chini ya sponji iliyowekwa chini ya sakafu, hewa haifiki na unyevu hautoki. Hapo utando haujifungi tena vizuri, na bati huanza kuliwa kimyakimya.

Siku ile nilipofika nchi kavu nilifungua mbao za sakafu. Karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, pale ubavu unapokutana na mkuku, ule uti wa chini wa boti, nilikuta chubwi dogo la risasi, kile kizito cha kuzamishia ndoana, ukubwa wa punje ya haragwe, limelala katika kitu cheupe kama unga uliolowa. Nikalitoa, nikaufuta ule unga kwa kidole. Chini yake palikuwa na kishimo. Nikaingia chini ya boti, mwenzangu akamulika tochi kwa juu, na mwanga ukapenya kwenye tundu jembamba kama ncha ya sindano.

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri ndogo, na iliyo dhaifu ndiyo inayoliwa. Alumini ni dhaifu mbele ya karibu kila kitu tunachopanda nacho: risasi, shaba, hata chuma cha pua. Zinki na magnesiamu ndizo zinazokubali kuliwa kwa niaba yake, ndiyo maana hufungwa vipande vyake mwilini mwa boti au kwenye injini: zinki kwa maji ya chumvi, magnesiamu kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Kipande kikishaisha nusu, kibadilishe. Na usikipake rangi, maana ukikifunika hakifanyi kazi.

Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba sanduku la zana za uvuvi ni adui mkubwa wa boti hii kuliko mwamba. Mwamba unaacha kibonyeo unachokiona siku hiyohiyo. Chubwi lililodondoka linakaa msimu mzima bila mtu kujua.

Mafundi wengi wa nyumbani huharibu boti kwa nia njema. Wanatoa sakafu iliyooza na kuweka mbao zilizotiwa dawa ili zisioze tena. Dawa nyingi za mbao zina shaba, na shaba hiyo, mbao zikilowa, inateremka juu ya alumini. Rangi za kuzuia viumbe vya baharini kwenye tumbo la boti zina shida hiyohiyo. Nyingi zimejaa shaba, na kwa boti ya alumini lazima utafute isiyo nayo. Muuzaji asipojua tofauti, soma kopo mwenyewe.

Zulia ndilo linalonitia hasira zaidi. Najua kwa nini watu wanaliweka. Koleo ikidondoka juu ya bati tupu, mlio unaingia majini, na sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Samaki wa maji machache hawakusubiri. Lakini zulia lililogundishwa haliwezi kuinuliwa, na halikauki. Mimi natumia mkeka wa mpira ambao nauinua, nausuuza na kuuanika. Utulivu ni uleule.

Kuhusu ribiti zinazovuja, zile pini za chuma zinazounganisha bati za boti, usizitafute ukiwa majini. Boti ikiwa nchi kavu, ikaushe nje, funga kizibo cha tundu la kutolea maji, mimina maji ndani taratibu hadi yapite mistari ya ribiti, kisha zunguka na chaki ukiweka alama kila panapotoa tone. Kumbuka kwamba lita ni kilo: lita 200 ni kilo 200, na boti isiyoegemezwa vizuri inaweza kupinda. Ribiti iliyolegea hukazwa na watu wawili, mmoja ameshikilia chuma kizito kwenye kichwa chake, mwingine anagonga upande wa pili kwa nyundo. Silikoni ya bafuni sitaki kuiona. Inaziba kwa muda, na mabaki yake hayakubali rangi wala gundi nyingine kushika baadaye.

Kwenye injini nina jambo moja tu. Mshipi wa nailoni ukijizungusha nyuma ya propela hukata oili sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie na oili isitoke, maji yanaingia kwenye gia, na oili inageuka kuwa kama maziwa. Kwa hiyo vua propela mara kwa mara uangalie. Mshipi huo kwa kawaida ni wako mwenyewe.

Siku hizi nikirudi natoa kizibo, nainua omo, yaani mbele ya boti, maji yote yatoke, nasuuza kwa maji baridi, kisha nahesabu machubwi kabla sijafunga sanduku. Jumamosi iliyopita yalikuwa kumi na moja. Nilitoka na kumi na mawili, na siku nzima mshipi haukukatika hata mara moja. Nikachukua tochi, nikarudi kwenye boti. Lilikuwa chini ya kiti cha nyuma, limekwama kwenye mshono, na pale palikuwa bado pamelowa.