Coimbatore wanakereza, sisi tunakata utepe

Watu wa nyumbani Kenya wakinipigia simu huuliza India kuna nini cha ajabu. Wanatarajia nitaje treni au hospitali. Mimi huwataja mafundi wa Coimbatore wa kukereza vyuma, yaani kuchonga chuma kinachozungushwa kwenye mashine, na hapo maongezi hupoa.

Mji huu uko Tamil Nadu, kusini mwa India, na uliinuliwa na pamba. Umeme wa mto Pykara ulipofika miaka ya 1930, viwanda vya nyuzi vilichipuka kila upande. Ukoo wa G. Kuppuswamy Naidu ulikuwa na Lakshmi Mills tangu 1910. Mwaka 1962 mwanawe, G. K. Devarajulu, akaanzisha Lakshmi Machine Works kwa ushirikiano na kampuni ya Rieter ya Uswisi, mashine za kusokota nyuzi ziundwe papa hapa badala ya kuagizwa ng'ambo. Mwaka 1988 kampuni ikaanza kuunda pia mashine za kukerezea zinazoongozwa na kompyuta.

Unashangaa nyuzi na kukereza vinakutana wapi? Sogelea mashine ya kusokota. Pamba hupita kati ya rola zinazoivuta mpaka iwe nyembamba, kisha hupokewa na spindeli, vijiti vinavyousokota na kuuzungushia uzi, pengine zaidi ya 1,000 katika mashine moja, kila moja ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika. Rola ikipinda hata kidogo tu, uzi hutoka mnene hapa, mwembamba pale, na kitambaa hakifichi kasoro hiyo. Anayeunda mashine hizi sharti awe bingwa wa kukereza kwanza. Kuuza mashine zenyewe za kukerezea ni hatua fupi tu.

Kwetu Eldoret tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Rivatex tangu miaka ya sabini. Ikawekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa mali za kampuni iliyolemewa na madeni, 1998, ikafungwa, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007, na 2019 Rais Uhuru Kenyatta akaizindua upya kwa nguvu ya mkopo wa India wa dola milioni 29.95. Nilifurahi, sikatai. Najua pia kwamba viwanda vyetu vya nguo viliuawa na mengi, mitumba ikiwa mbele, na hakuna fundi ambaye angeizuia mitumba kwa kukereza.

Lakini nimeona shafti ya mashine ya kufuma ikikatika asubuhi hapa Coimbatore. Msimamizi akaviringisha vipande viwili ndani ya gazeti, akapanda pikipiki hadi karakana moja mtaa wa Ganapathy. Fundi, mguu peku, akavipima kwa kalipa bila kuuliza swali, akachagua chuma, akakifunga kwenye mashine. Maranda ya chuma yakaanza kujikunja na kumwagika sakafuni. Jioni mashine ilikuwa inafuma. Kwetu ungemwandikia wakala wa Nairobi, naye awaandikie waliounda, kisha usubiri meli.

Mikono tunayo, nenda kwa mafundi wa jua kali ujionee. Tatizo ni vifaa na mafunzo. Chuo nilichosomea kilikuwa na mashine moja tu nzima ya kukerezea, na wengi wetu tuliijua kwa kuchora ubaoni.

Msidhani nawauzia paradiso. Viwanda vya nyuzi vya Tamil Nadu vimelaumiwa kwa miaka kwa mpango uitwao sumangali: msichana huchukuliwa kwa mkataba wa miaka kadhaa, hulazwa bwenini, na sehemu kubwa ya malipo yake hushikiliwa hadi mwisho, eti ya mahari, ambayo huku hutolewa na upande wa bibi harusi. Hilo tusilinunue hata kwa bei ya kutupa.

Kinachofaa kununuliwa ni karakana. Mkopo mwingine wa mashine ukija, chumba cha kukereza kiandikwe ndani ya mkataba, pamoja na vijana wa Kenya waje huku wakae karakanani, si hotelini kwenye semina. Waziri atasema bei itapanda. Ipande. Halafu atuonyeshe hesabu ya spea tunazoagiza kila mwaka.